Mpunga wa Bonde la Rufiji

Katika bonde la Rufiji mavuno ya mpunga yalikuwa tangu kale yakitegemea mto kuliko jembe. Kwani mkulima aliyesia mbegu zake kwa mvua za mwanzo aliomba gharika ya masika isije kabla miche haijapata kimo cha kushindana na maji, wala isichelewe hata udongo ukakauka na masuke yakatoka mapepe. Maji yakija kwa wakati wake yaliacha tope lenye rutuba, nalo ndilo lililokuwa mbolea yake, isiyonunuliwa wala kubebwa; yakija kwa ghadhabu yalichukua mpunga wote, na hapo mtu alisubiri yapungue, apate kupanda mahindi ya mlau katika unyevu uliosalia ardhini.

Lakini adui wa pili hakutoka mtoni. Nguruwe, nyani na ndege waliwalazimisha watu kuhamia shambani, aghalabu jamaa nzima, wakalala katika dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu, maji yakipita chini yake na moto wa kupikia ukiwaka juu, huku watoto wakipiga kelele na kurusha mawe tangu alfajiri hata magharibi.

Basi serikali ilipowahamisha wakaazi, baada ya mafuriko ya 1968, kwenda vijiji vipya vya miinukoni, iliwaokoa na maji, na hilo halina ubishi. Ila shamba likawa mbali na nyumba, na nionavyo mimi, waliofaidi zaidi ni nguruwe.