Taka za mionzi zikizikwa ardhini, usalama upo?



Kila ikitajwa urani ya Manyoni, hapa kijiweni kwetu Singida mjini lazima mtu aseme, "Watachimba, halafu watatuzikia sumu." Mwingine anamjibu, "Acha woga bwana, wenzetu Ulaya wanazika." Mimi naona wote wamepatia nusu nusu. Ngoja niweke mambo sawa.

1. Taka zenyewe ni zipi?
Ziko za aina nyingi, ila tatu ndizo zinazochanganywa sana. Kwanza, vyanzo vya mionzi vilivyokwisha kazi hospitalini na viwandani. Hapa Bongo hivyo vinahifadhiwa Arusha chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki (TAEC). Pili, mafuta yaliyotumika kwenye mitambo ya umeme wa nyuklia, ambayo sisi hatuna. Tatu, mabaki ya mgodi wa urani. Wengi wanadhani urani ikishatolewa mchanga unabaki safi. Wapi! Kama asilimia 85 ya mionzi inabaki humo humo. Radiamu peke yake huchukua miaka 1,600 kupungua nusu.

2. Kuzika kunasaidiaje?
Ufini wamechimba Onkalo, zaidi ya mita 400 kwenye mwamba mgumu. Mafuta yaliyotumika yanatiwa kwenye mitungi ya shaba, inazungushiwa udongo wa mfinyanzi, kisha handaki linazibwa. Adui mkubwa ni maji, maana ndiyo yanayobeba sumu kwenda visimani. Mfano wa Afrika upo: Oklo, Gabon, urani iliwaka yenyewe ardhini karibu miaka bilioni 2 iliyopita. Ilipogunduliwa mwaka 1972, taka zake nyingi zilikuwa hazijasogea mbali.

3. Imewahi kuharibika?
Sana tu. Ujerumani walitupa mapipa kama 126,000 kwenye mgodi wa chumvi wa Asse kati ya 1967 na 1978. Maji yakaanza kupenya, na mwaka 2013 ikapitishwa sheria ya kuyatoa. Marekani, kwenye shimo la WIPP, pipa lilipasuka Februari 2014 kwa sababu taka zilichanganywa na mchanga wa choo cha paka wa aina isiyofaa. Uzembe wa watu huo, siyo wa mwamba.

4. Wananchi walikubalije?
Sheria ya Ufini iliipa halmashauri ya Eurajoki haki ya kukataa kabisa. Mwaka 2000 madiwani wakapiga kura: 20 ndiyo, 7 hapana. Bunge likafuata mwaka 2001. Mtu anayejua anaweza kusema hapana, akisema ndiyo inakuwa ya kweli.

5. Na Manyoni je?
Kampuni ya Uranex ya Australia ilitafiti huko miaka ya 2000. Urani ipo karibu na uso wa ardhi, kwenye mbuga ambazo masika maji hutuama. Kwa hiyo mgodi ukija, usitegemee handaki la mita 400. Mabaki kwa kawaida hulazwa kwenye mabwawa au mashimo ya mgodi, na sisi tuko Bonde la Ufa, ardhi inatikisika.

Msimamo wangu: tusikatae kwa uvumi, tusikubali kwa pilau la mkutano. Tuulize: nani atapima visima kampuni ikishaondoka? Hela ya kufunga mgodi imewekwa wapi? Vipimo vitabandikwa ofisi ya kijiji?

Wa Manyoni, Itigi na kwingineko, mnasemaje?