Tabasamu Limetoka Wapi?

Waandishi wenzangu, tabasamu tunalitumia mno. Hadithi zetu zimejaa watu wanaotabasamu: mpenzi katabasamu, jambazi katabasamu, hata mwenye nyumba anayedai kodi naye katabasamu! Mimi nasema tulijue neno kwanza, ndipo tulitumie.

Kucheka ni kwetu tangu enzi. Waganda husema kuseka, Wanyarwanda guseka, Wazulu ukuhleka. Ni neno lile lile la Kibantu, kila watu wamelitamka kwa ulimi wao. Tabasamu ni mgeni, asili yake Kiarabu. Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 alikuta wenyeji Waislamu, wana misikiti yao ya mbao. Na neno lenyewe limo katika Kurani. Sura ya An-Naml, aya ya 19: Nabii Suleiman kamsikia sisimizi akiwaonya wenzake wasije wakapondwa na majeshi, naye akatabasamu akicheka. Kiarabu cha hapo kimeweka mashina mawili bega kwa bega. La kwanza limetupa tabasamu. La pili, dhahika, yaani kucheka, limetupa nini? Dhihaka!

Mnaona mambo? Kicheko tulikuwa nacho tayari, hatukuhitaji cha kuazima. Nadhani ndiyo sababu wageni hawa wawili walipewa kazi zilizobaki: mmoja akachukua kicheko kisicho na sauti, mwingine kicheko chenye sumu.

Hata hivyo, vya kwetu vipo. Ongeza herufi moja tu uone: kumcheka mtu ni kumfanyia mzaha, kumchekea ni kumwonyesha uso mwema. Ndiyo maana wahenga walituonya kwamba ukimchekea nyani utavuna mabua. Nyani wa kuchekwa hali mahindi ya mtu! Kisha kuna kucheka kimoyomoyo: midomo imefungwa, furaha iko ndani. Na kucheka chini kwa chini: sauti ipo ila imefichwa, wawili watatu wanaisikia, mkubwa haambulii kitu.

Tofauti hizi si urembo. Kibarua katukanwa na tajiri wake mbele ya watu. Akitabasamu, tutadhani kasamehe au kanywea. Akicheka kimoyomoyo, tunajua hajashindwa, na tutafungua ukurasa wa pili kumwona atafanya nini. Riwaya nzima imegeuka kwa kitenzi kimoja.

Basi, kabla hujaandika “alitabasamu”, muulize mhusika wako anacheka kicheko gani, na nani asikisikie.