Mezani kwa Mayahudi: mvinyo, tende na chakula cha msimu

Mpwa wangu ni weta katika hoteli moja ya ufuoni. Mwezi wa Machi alinipigia simu usiku, sauti chini chini. "Mjomba, kuna kundi la wageni Mayahudi laja kwa Pasaka yao. Nimepangiwa meza yao. Naambiwa kila mtu atakunywa vikombe vinne vya mvinyo usiku mmoja. Mimi nitamimina vipi?"

Kijana ana mke na mtoto mchanga, na kazi ya hoteli mwaijua, msimu ukikatika na wewe wakatika. Hadithi ya watu kumi waliolaaniwa kwa ajili ya ulevi ameisoma tangu madrasa, na mwenye kumimina ni mmoja wao. Akikataa ataonekana mkaidi. Akikubali halali usingizi.

Mimi nilisomea upishi, diploma ingali ukutani ingawa siku hizi nashika kalamu kuliko mwiko, na nilipokuwa jikoni niliwahi kuwahudumia wageni wa aina hiyo. Niliyomwambia ndiyo haya, pamoja na mengine ambayo dakika za simu hazikutosha. Najua wako watakaonikunjia uso kwamba watu wa Gaza wanalia na mimi naandika mapishi ya Mayahudi. Msimamo wangu juu ya Gaza haujabadilika. Leo nazungumza na vijana wetu wanaohudumu mezani na jikoni.

Tuanze na kalenda, maana chakula chao chote kimesimama hapo. Mayahudi huhesabu miezi kwa mwandamo kama sisi. Tofauti ni kwamba katika kila miaka 19 wao huongeza mwezi wa 13 mara 7, ili sikukuu zisihame majira. Pesach, ambayo ndiyo Pasaka yao, huangukia kati ya mwisho wa Machi na mwisho wa Aprili, shayiri inapoanza kuvunwa katika nchi ya Sham. Wiki saba baadaye ni Shavuot, mavuno ya ngano. Sukkot, sikukuu ya vibanda, ni Septemba au Oktoba, zabibu na matunda mengine yakishaingizwa ndani. Sisi hatuongezi mwezi. Ramadhani yetu hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, na mtu akijaaliwa umri huikuta katika kaskazi na katika kusi, kwenye jua kali na kwenye mvua ya masika. Kwa hivyo Idi yetu haina tunda lake, na sikukuu zao zina matunda yao. Hili nitalirudia mbele.

Usiku wa kwanza wa Pesach ndio wenye kazi zaidi kwa weta. Wanakumbuka Nabii Musa alivyowatoa Bani Israili mikononi mwa Firauni. Mezani huwekwa sahani ya vitu maalumu: mfupa wa mguu wa kondoo, yai la kuchemsha, majani machungu (wengine letasi, wengine ule mzizi mkali unaopanda puani), kotimiri au figili ya majani ya kuchovya katika maji ya chumvi, na kitu kizito cha kahawia kiitwacho haroset, mfano wa ule udongo waliofinyangia matofali. Mkate ni matza, usiochachwa. Unga ukiguswa na maji, una dakika 18 tu uwe umeshaokwa. Siku saba, na nje ya Israeli siku nane, hawali chochote cha ngano au shayiri kilichoumuka. Na hapa wapishi wengi huteleza: Mayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki wengi hawali hata wali wala maharagwe katika siku hizo, ilhali wenye asili ya Moroko, Iraki au Yemeni wengi wao hula. Usiwapikie pilau kabla hujauliza.

Sasa hivyo vikombe vinne. Si mapambo, ni sharti la usiku ule. Mishna, kitabu chao cha sheria cha miaka kama 1800 iliyopita, chasema hata fukara anayelishwa kwa sadaka asipungukiwe vikombe vinne. Kikombe chenyewe si kikubwa, rai moja mashuhuri ni mililita 86. Hata hivyo si kila mtu aliyaweza. Katika Talmud kuna mwanachuoni Yehuda bar Ilai aliyesema kwamba akinywa vikombe vinne vya Pesach hufunga kichwa kitambaa mpaka Shavuot. Wiki saba za kuumwa kichwa! Na kwa sikukuu ya Purim, ambayo Talmud yataka mtu alewe, hapo hapo kimewekwa kisa cha wanachuoni wawili, Rabba na Zeira. Walilewa, Rabba akainuka akamchinja mwenziwe. Asubuhi akaomba dua, Zeira akarudishiwa uhai. Mwaka uliofuata Rabba akamwalika tena, Zeira akakataa, akamwambia si kila saa miujiza hutokea. Wallahi nilicheka niliposoma, lakini kisa chaonyesha hata wao jambo hili liliwatia hofu.

Ndipo maji ya zabibu yalipoingia. Wengi wa wanachuoni wao wa leo humruhusu mgonjwa, mtoto au mwenye udhuru atumie maji ya zabibu yasiyolewesha badala ya mvinyo. Marekani ilipopiga pombe marufuku kuanzia 1920 hadi 1933, sheria iliacha mlango kwa mvinyo wa ibada, na ghafla wakatokea marabi wa bandia wenye waumini wa bandia, kila mmoja ana stakabadhi ya mapipa. Mwaka 1922 mwanachuoni Louis Ginzberg wa New York alitoa fatwa ndefu kwamba maji ya zabibu yatosha kwa ibada, kwa hivyo hakuna haja ya kujidhalilisha. Kwa hivyo weta akiona chupa ya maji ya zabibu mezani asishangae, na si kosa kuuliza kama kuna anayeyataka.

Lakini jambo lililompa mpwa wangu pumzi ni jingine. Kwa Myahudi anayeshika dini, mvinyo una masharti kuliko nyama. Lazima utengenezwe na Mayahudi wanaoitunza Sabato, na ukishafunguliwa, mtu asiye Myahudi akiumimina wahesabiwa umeharibika. Unaosalimika ni ule tu uliopashwa moto kiwandani, wao huuita mevushal. Maana yake ni kwamba mgeni wa aina hiyo hataki umimine. Anataka umwachie chupa imefungwa, na kifungulio kando. Nikamwambia kijana: nenda kwa kiongozi wa kundi kabla ya siku, muulize kwa adabu, "Chupa mtapenda kuzifungua wenyewe?" Jibu nalijua tayari. Na meneja hawezi kukulaumu kwa kumpa mgeni anachotaka. Tahadhari moja tu: si kila Myahudi hushika hayo, na wengine watakuona wa ajabu. Basi uliza, usikisie. Kubeba chupa iliyofungwa nako kuna maneno, na hilo nimemwelekeza kwa sheikh wake, si kwangu.

Swali lake la pili lilikuwa la kuonja. Sura ya Al-Maida, aya ya 5, yatuhalalishia chakula cha Ahlul Kitab, na sura hiyo hiyo, aya ya 90, yaharamisha ulevi. Zote mbili zakutana katika bakuli moja la haroset. Ya Mayahudi wa Ulaya ni epo (lile la kizungu, si tufaha letu), njugu na mdalasini, iliyolowekwa mvinyo. Hiyo usiitie kinywani hata ukiambiwa ni tone. Ya Mayahudi wa Iraki, iitwayo halek, ni tende zilizochemshwa, zikachujwa, maji yake yakapikwa mpaka yakawa mazito kama asali, kisha zikanyunyizwa lozi za kizungu zilizopondwa. Kwa kawaida haina mvinyo. Mimi huipika nyumbani kwa korosho za Kilifi na watoto huipaka kwenye chapati.

Sikukuu niipendayo kuisimulia kwa wapishi wa kwetu ni Rosh Hashanah, mwaka wao mpya, Septemba au mwanzo wa Oktoba. Watu wajua epo na asali basi, na hiyo ni desturi ya Ulaya. Ile ya zamani zaidi ni ya Babeli, Iraki ya leo. Katika karne ya 4 mwanachuoni Abaye aliwausia watu waweke mezani mwanzoni mwa mwaka vitu vitano, navyo kwa majina yao ni kara, rubia, karti, silka na tamri. Hebu vichukue uende navyo Marikiti. Kara ni boga au mung'unye. Karti ni liki, yule jamaa wa kitunguu. Silka ni majani ya jamii ya bitiruti, na hii spinachi tunayouziwa fungu fungu Kenya, yenye bua nene jeupe, ndiyo yenyewe. Tamri ni tende, neno hata halijabadilika kutoka Kiarabu. Rubia wamehitilafiana: wengine wasema ni kunde, wengine uwatu. Utarudi na kikapu kimejaa na hujamaliza noti ya mia tano, tende zikiwa chache.

Kila kimoja huombewa dua kwa kuchezea jina lake. Rubia hufanana na neno lao la kuzidi, mzizi ule ule tuusikiao katika neno riba, basi huomba mema yao yazidi. Karti hufanana na kukata, wakaomba maadui wakatwe. Mayahudi wa Moroko, Iraki na Siria bado hula hivyo vyote kwa mpangilio, kijiko kijiko, kabla ya chakula chenyewe. Hapo huongezwa komamanga na kichwa cha samaki, ili mwaka mzima wawe kichwa, wasiwe mkia.

Kwa mtu wa pwani, walio karibu nasi zaidi kwa mapishi ni Mayahudi wa India, na kiungo kilichowaokoa ni nazi. Sheria yao hairuhusu nyama na maziwa chungu kimoja. Bene Israel wa pwani ya Konkan, karibu na Mumbai, na wale wa Kochi kule Kerala, mchuzi wao wa nyama hutiwa tui, maana nazi si maziwa. Bene Israel walikosa mvinyo unaofaa, wakaroweka zabibu kavu, wakazikamua, sharubati yake ndiyo wakaisomea dua ya Sabato. Na wana malida: pepeta iliyorowekwa, nazi ya kukuna, sukari, iliki na matunda, huliwa kwa shukrani na kumtaja Nabii Ilyasi. Huiandaa pia siku ya Tu BiShvat, Januari au Februari, mwaka mpya wa miti, ambapo Mayahudi wengine hula tini, tende, zabibu na komamanga, matunda yaliyotajwa katika Taurati. Nani kati yetu angeona pepeta na nazi mezani akahisi ugeni?

Hanukkah, ya Desemba hivi, siwezi kuisifu kwa afya. Siku nane za kukaanga: chapati ndogo za viazi, na donati za jemu. Viazi vilitoka bara la Amerika, kwa hivyo hivyo vya viazi si vya kale, wa zamani walikaanga jibini. Lakini kabla hujacheka, wao ni siku nane, sisi viazi karai, bajia, kaimati na sambusa ni mwezi mzima.

Hapo ndipo naurudia ule mwezi wa 13. Nina sukari, mwaka wa sita sasa, na dadangu, mamake yule kijana, anayo zaidi yangu. Kalenda yao huwapeleka sokoni kwa lazima: mwezi huu boga, mwezi ule komamanga. Yetu yatuacha huru, na uhuru huo tumeutumia kuweka futari ile ile iwe Ramadhani ni ya kiangazi au ya masika. Ikiangukia mvua, kunde mbichi na mchicha viko tele, na sisi tuko foleni ya unga na mafuta. Tangu mwaka jana nafungulia tende moja, si tatu. Tende kubwa ya medjool ina kama gramu 16 za sukari, karibu vijiko vinne vya chai. Baada ya Magharibi twaanza na mboga ya msimu kabla ya wanga, kama wale wa Baghdad na vijiko vyao. Mke wangu alinuna wiki ya kwanza. Asali nayo isikudanganye kwa kuwa ni dawa, kijiko kikubwa kimoja kina gramu 17.

Kijana alipiga simu tena wageni walipoondoka. Chupa walizifungua wenyewe, na kiongozi wao alimshukuru kwa kuuliza. Usiku ule yeye alikimbizana na letasi, maana waliimaliza mara mbili. Walipofunga mizigo wakamwachia chupa mbili za maji ya zabibu, hazijafunguliwa, akampelekea mamake. Dadangu akanipigia, furaha tele, kwamba ni matunda matupu hayana sukari. Nikamwambia anisomee kibandiko. Gramu 36 kwa kikombe. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama robo kikombe na maji yaruhusiwa.