Maji ya kisima yanapokutana na moto: Utunzaji wa sufuria, boila na injini Liboi

MAJI ya visima vya Liboi, mji ulio karibu na mpaka wa Kenya na Somalia katika Kaunti ya Garissa, huweza kuonekana safi kabisa yanapotoka bombani. Hata hivyo, usafi huo wa macho hautoshi kwa chombo kinachotiwa moto. Maji yale yale yanayofaa kunyweshwa ngamia yanaweza kuziba boila, kutoboa tangi la chuma na kuua injini ya kisima, iwapo mwenye chombo hajui yamebeba nini.

Suala hili si la mafundi pekee. Kuni zimekuwa adimu katika sehemu hizo, na katika eneo la Dadaab wanawake waliokwenda porini kuzitafuta wamewahi kushambuliwa na kubakwa. Ni hatari hiyo iliyolifanya Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) kuanzisha mradi wa kugawa kuni katika kambi za Dadaab mnamo 1998. Chombo kinachokula kuni kupita kiasi kwa sababu ya maji mabaya humrudisha mtu porini kabla ya siku yake.

Isitoshe, injini ya kisima inapokufa wakati wa kiangazi, mifugo iliyotembezwa siku nyingi kufuata maji hukuta mabirika makavu. Wafugaji wa kaskazini mashariki hawajasahau ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, ambapo misimu mitano ya mvua ilifuatana bila mvua ya kutosha.

Maji yatokako

Liboi haina mto wa kudumu. Mto Tana, ulio tegemeo la mji wa Garissa, uko mbali upande wa magharibi. Maji ya eneo hili hutoka hasa chini ya ardhi, katika hifadhi ijulikanayo kwa jina la Merti, inayotambaa kutoka upande wa Habaswein, kupitia Dadaab, hadi Liboi na kuingia Somalia. Visima vyake hushuka zaidi ya mita 100. Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilizoanzishwa mwaka 1991 na 1992, zimetegemea hifadhi hiyo hiyo.

Sifa kuu ya Merti ni kwamba sehemu yake ya katikati ina maji matamu, ilhali kandokando yake maji ni ya chumvi. Kwa sababu hiyo, visima viwili visivyo mbali sana vinaweza kutoa maji tofauti kabisa. Hakuna fundi anayeweza kusema kwa kuangalia tu kwamba maji ya kisima fulani yanafaa boila au injini. Ni lazima yapimwe.

Kipimo rahisi ni kifaa kidogo cha mkononi kinachoonyesha jinsi maji yanavyopitisha umeme. Kadiri chumvi inavyozidi ndivyo umeme unavyopita kwa wepesi. Kifaa kikionyesha mikrosiemensi 1,000 kwa sentimita, maji hayo yana takriban miligramu 650 za chumvichumvi katika kila lita. Shirika la Afya Duniani (WHO) husema ladha ya maji ni nzuri yakiwa chini ya miligramu 600 kwa lita, na kwamba yakipita 1,000 watu huanza kuyachukia.

Mambo matatu yanayofanywa na moto

Jambo la kwanza ni kwamba mvuke huondoka bila chumvi. Tuchukue mfano wa maji yenye miligramu 1,000 kwa lita. Kila mtungi wa lita 20 una gramu 20 za chumvichumvi. Injini inayopoteza lita 10 kwa siku kwa njia ya mvuke, kisha ikaongezwa maji hayo hayo, hubakiwa na gramu 300 baada ya siku 30. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki hujaa ndani ya mabomba membamba yasiyoonekana.

Jambo la pili ni gamba la chokaa. Maji yenye madini ya kalisi na magnesi huitwa maji magumu, na hutambulika kwa kukataa kutoa povu la sabuni. Yakipashwa moto, sehemu ya madini hayo hugeuka kuwa chokaa na kugandamana na chuma, hasa mahali palipo na joto kali zaidi. Gamba hilo hupitisha joto kwa shida, zaidi ya mara 20 kuliko chuma. Moto huwaka upande mmoja, maji huchelewa kupata joto upande wa pili, na chuma kilicho katikati huungua.

Jambo la tatu ni kutu. Maji baridi hubeba oksijeni ya hewani. Yanapopata joto, oksijeni hiyo hutoka na kushambulia chuma, na chumvi ya kloridi huharakisha uharibifu. Maji yaliyokwisha kuchemka na kubaki ndani ya chombo yamekwisha kupoteza sehemu kubwa ya oksijeni yake. Kila ndoo mpya inayoongezwa huleta nyingine.

Kutokana na hayo, njia ya utunzaji hutegemea aina ya chombo. Penye maji yanayogeuka mvuke kila siku, dawa ni kutoa maji yaliyokolea chumvi. Penye maji yanayozunguka bila kutoka, dawa ni kutoongeza maji mapya bila sababu. Kuchanganya kanuni hizi mbili ndiko kunakoharibu vyombo vingi.

Sufuria na birika

Katika nyumba, hoteli ndogo na jikoni za shule, kosa la kawaida ni kuacha mabaki ya maji ndani ya birika na kuongeza mengine juu yake, siku baada ya siku. Inafaa birika limwagwe kabisa kila jioni na lisuuzwe. Gamba likianza kuonekana, litiwe maji yenye siki au ndimu, lipashwe moto kidogo, liachwe kwa saa kadhaa, kisha lisuguliwe na kusuuzwa vizuri. Gamba jembamba hutoka kwa urahisi, lakini likikomaa hugongwagongwa kwa chuma, na chombo hutoboka.

Hapa ni muhimu kuondoa dhana moja. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi chumvi wala floridi. Maji yakichemka kwa muda mrefu, vitu hivyo hukolea zaidi katika kile kinachobaki. Kiwango cha floridi kinachopendekezwa na WHO kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita, na hakuna moto utakaoishusha.

Boila ya kuni

Boila za kuni si jambo geni nchini Kenya. Viwanda vya majani chai katika nyanda za juu hutumia mvuke wa boila za aina hiyo kukaushia majani. Wahudumu wa boila hupima maji yanayoingia, huyatia dawa, na hufungua valvu ya chini kwa vipindi ili kutoa maji mazito na mashapo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 pia inataka boila za mvuke zikaguliwe na mtaalamu aliyeidhinishwa, kwa kuwa boila iliyodhoofika inaweza kulipuka.

Shule au hospitali inayofikiria kufunga boila katika eneo lenye maji ya chumvi inapaswa kupiga hesabu mapema. Tuseme mtengenezaji ameagiza kwamba maji yaliyo ndani ya boila yasizidi miligramu 3,000 kwa lita. Maji yanayoingia yakiwa na 500, mhudumu atalazimika kumwaga lita moja ya maji moto kwa kila lita tano zinazogeuka mvuke. Maji yakiwa na 1,500, atamwaga lita moja kwa kila lita moja ya mvuke. Kuni zilizoyapasha maji hayo zimepotea. Katika hali kama hiyo, kuvuna maji ya mvua kwa ajili ya boila ni nafuu kuliko kutumia ya kisima.

Injini ya kisima

Katika majimbo ya kaskazini mwa Marekani na nchini Canada, ambako baridi ni kali, kuna tanuri za kuni zinazowekwa nje ya nyumba. Moto hupasha maji yanayozunguka chumba cha kuni, nayo hupita mabombani hadi ndani ya nyumba kuipa joto, kisha hurudi. Maji ni yale yale mwaka mzima. Watengenezaji wa tanuri hizo huagiza maji yatiwe dawa ya kuzuia kutu, na sampuli ipimwe angalau mara moja kwa mwaka.

Liboi hakuna anayehitaji kupashwa joto nyumbani, lakini kanuni hiyo ndiyo inayotawala rejeta ya injini ya dizeli inayosukuma maji ya kisima. Ndani ya injini pia kuna moto, kuta za chuma, na maji yanayozunguka yakirudi pale pale. Baadhi ya visima vya kaskazini mashariki vimefungiwa paneli za jua, lakini penye jenereta ya akiba kanuni haibadiliki. Injini inayokaa bila kuwashwa huliwa na kutu pia.

Rejeta yenye afya haihitaji kuongezwa maji kila asubuhi. Ikidai maji kila siku, kuna tatizo la kutafutwa: mpira uliopasuka, sili ya pampu iliyochoka, gasketi iliyoungua au kofia isiyoshika. Kofia ya rejeta hasa hupuuzwa. Kazi yake ni kuzuia presha ili maji yasichemke kwa nyuzi 100. Ikilegea, maji huchemka mapema, mvuke hutoka, na mhudumu hulazimika kuchukua ndoo.

Maji yanayofaa rejeta ni yale yasiyo na madini: maji ya betri yanayouzwa madukani, au maji safi ya mvua yaliyotekwa kwenye paa la mabati baada ya mvua za kwanza kuosha vumbi. Kila kituo cha kisima kinafaa kuwa na pipa moja lenye kifuniko, lijazwe wakati wa mvua za Gu au za Deyr, lisiguswe kwa kazi nyingine. Maji ya silanga hayafai, kwa kuwa hubeba tope.

Hata hivyo, maji ya mvua peke yake hayatoshi. Yana oksijeni na huwa na asidi kidogo, kwa hivyo hula chuma yasipotiwa dawa ya rejeta, yaani kulanti, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chombo chake. Dawa za aina tofauti zisichanganywe.

Daftari la mhudumu

Utunzaji unaofaa hauhitaji maabara. Mhudumu wa kisima anahitaji daftari na mambo machache ya kuandika:

Kila siku, kabla ya kuwasha injini, aangalie kiasi cha maji na kuandika lita zilizoongezwa. Nambari hiyo ikianza kupanda, fundi aitwe kabla injini haijapata joto la ajabu.

Kila wiki, aangalie rangi ya maji injini ikiwa baridi. Rangi ya kahawia ni dalili ya kutu, na mafuta yanayoelea ni dalili ya gasketi.

Kila miezi mitatu, apime kiwango cha pH kwa karatasi maalumu. Chini ya 7 maji yamekuwa asidi na chuma kinaliwa. Kwa chuma cha kawaida, kati ya 8 na 10 panafaa, lakini injini yenye sehemu za alumini haitaki kupita 9.

Kwa muda uliowekwa na mtengenezaji, amwage maji yote, asafishe rejeta na kutia mapya yenye dawa.

Tahadhari mbili hazina budi kutajwa. Kwanza, kofia ya rejeta isifunguliwe injini ikiwa moto, wala maji baridi yasimwagwe ndani ya injini iliyochemka. Mhudumu ataungua, na chuma kitapasuka.

Pili, maji yaliyotiwa dawa ni sumu. Dawa nyingi za kuzuia kutu zina nitriti, ambayo huzuia damu kubeba oksijeni na ni hatari zaidi kwa watoto wachanga na kwa mifugo. Nyingine zina glaikoli, ambayo ina ladha tamu inayowavutia wanyama. Maji ya rejeta yasimwagwe karibu na birika la mifugo wala mdomoni mwa kisima. Yakingwe kwenye mtungi uliotiwa alama, na mtungi huo usirudishwe kamwe kwenye kazi ya kuteka maji ya kunywa.

Kamati za maji hutumia fedha nyingi kwa dizeli na vipuri. Pipa la maji ya mvua, kofia mpya ya rejeta na daftari ni vitu vya bei ndogo sana ukilinganisha na injini mpya, au na kundi la ngamia lililofika kisimani likakuta injini imekufa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na Liboi ukuta huo hujengwa wakati wa kiangazi, fundi akiwa mbali na mifugo ikiwa na kiu.