Kijana Asiyejua Kazi ya Kuchagua

Kijana akimaliza masomo, mara nyingi husimama penye njia panda. Jamaa humwambia: "Chagua!" Naye hajui. Je, tumwite mvivu?

Bwana Frank Parsons hakufanya hivyo. Yeye mwenyewe alikuwa amefanya kazi ya uhandisi, ya ualimu na ya sheria. Mwaka 1908, katika mji wa Boston, Marekani, alianzisha ofisi ya kuwashauri vijana. Aliwapa maswali mengi juu ya akili zao, mambo wayapendayo na upungufu wao. Kisha aliwaeleza kazi mbalimbali, wapate kulinganisha haya na yale. Alikufa mwaka uleule. Kitabu chake kilitoka mwaka 1909.

Wengine wakaendelea. Mwaka 1927 Edward Strong alitoa maswali ya kupima mambo yampendezayo mtu. Mwaka 1976 Samuel Osipow na wenzake walitoa kipimo cha namna nyingine: hakiulizi ni kazi gani ifaayo, bali ni nini kinachomzuia mtu asichague. Maana mmoja hajui kazi zilizopo. Mwingine apenda mbili sawasawa. Mwingine aogopa kuwaudhi wakubwa wake. Dawa ya huyu si dawa ya yule.

Lakini kipimo si hakimu. Parsons alitaka kijana aamue mwenyewe, mshauri amsaidie tu. Basi sisi wazazi na walimu, tuulize kwanza, tusikilize, ndipo tushauri. Asiwepo mtoto wetu atakayeifukia talanta yake kwa sababu hakuna aliyemwuliza.