Linux na Wi-Fi: Kwa nini ruta moja hudumu na nyingine hutupwa ikiwa nzima

Simu za Android, ruta nyingi za majumbani na sehemu kubwa ya seva za intaneti duniani zinaendeshwa na kiini kimoja cha mfumo endeshi kiitwacho Linux, ambacho msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza. Hata hivyo, kwa miaka mingi sehemu moja ya kazi hiyo, ile ya kuzungumza na chipu ya Wi-Fi, ilibaki siri ya watengenezaji wa chipu. Siri hiyo ilikuwa na gharama, kwani kifaa kizima kiliweza kugeuka taka kwa sababu tu kampuni iliyokiuza iliacha kukishughulikia. Makala haya yanaeleza jinsi hali hiyo ilivyobadilika, na mahali ambapo bado haijabadilika.

Kazi ya kiendeshi

Kiini cha mfumo endeshi husimama kati ya programu za mtumiaji na vifaa vya kompyuta. Programu ya kusomea habari haijui chochote kuhusu chipu ya redio iliyomo ndani ya simu. Hutoa ombi, na kiini hulipokea na kulipeleka panapostahili. Sehemu ya kiini inayoijua lugha ya kifaa fulani huitwa kiendeshi. Pasipo kiendeshi, chipu iliyo nzima kabisa haina kazi yoyote.

Kiendeshi cha mtandao wa waya si kigumu sana: pakiti huingia, pakiti hutoka. Wi-Fi ni jambo jingine, kwa kuwa hewa ni ya wote. Kifaa cha Wi-Fi hakina budi kuutafuta mtandao, kujitambulisha, kuficha ujumbe kwa ufunguo, kupunguza kasi pale mawimbi yanapokuwa hafifu, kulala ili kuokoa betri, na kujiepusha na masafa ambayo sheria ya nchi haiyaruhusu. Yote hayo hufanyika mara nyingi ndani ya sekunde moja.

Ili kuandika kiendeshi cha namna hiyo, mwandishi anahitaji maelezo ya kiufundi ya chipu: amri gani iandikwe wapi, kwa mpangilio upi, na chipu itajibu nini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watengenezaji wengi wa chipu za Wi-Fi walikataa kuyatoa maelezo hayo. Walitaja sababu mbili. Ya kwanza ilikuwa ushindani wa kibiashara. Ya pili ilikuwa sheria ya masafa: iwapo redio inaongozwa na programu, walisema, mtu anayeweza kuibadilisha programu hiyo anaweza pia kuifanya redio irushe mawimbi mahali palipokatazwa.

Ruta iliyoanzisha mjadala

Mwishoni mwa mwaka 2002 kampuni ya Linksys ya Marekani ilitoa ruta ya Wi-Fi iliyoitwa WRT54G, yenye rangi ya buluu na nyeusi. Katikati ya mwaka 2003 wataalamu waligundua kwamba ndani yake ilikuwa inaendeshwa na Linux. Leseni ya Linux, iitwayo GPL, inamtaka kila anayeisambaza programu hiyo awape wateja wake pia msimbo chanzo. Baada ya shinikizo, Linksys, ambayo wakati huo ilikuwa imekwisha kununuliwa na Cisco, iliutoa msimbo huo Julai 2003. Kutokana na msimbo huo ulizaliwa mradi wa OpenWrt mwaka 2004, ambao hadi leo hutengeneza mfumo huria wa kuendesha ruta za aina mbalimbali.

Lakini msimbo uliotolewa ulikuwa na pengo. Kiendeshi cha chipu ya Wi-Fi, iliyotengenezwa na Broadcom, kilitolewa kikiwa tayari kimegeuzwa kuwa lugha ya mashine, bila maandishi yanayoweza kusomwa na binadamu. Aidha, kilitengenezwa kwa ajili ya toleo la Linux 2.4 peke yake.

Hapo ndipo tatizo lenyewe lilipo. Waandishi wa Linux hawatoi ahadi yoyote kwamba viungo vya ndani ya kiini vitabaki vilevile kutoka toleo moja hadi jingine. Hubadilisha wanapoona kuna njia bora zaidi. Kiendeshi ambacho msimbo wake upo hurekebishwa pamoja na mabadiliko hayo. Kiendeshi kilichofungwa hakiwezi kurekebishwa na mtu yeyote isipokuwa aliyekitengeneza. Toleo la Linux 2.6 lilipotoka Desemba 2003, wenye ruta hizo walikabiliwa na chaguo gumu: kutumia kiini kipya na kuikosa Wi-Fi, au kubaki na kiini cha zamani ili redio iendelee kufanya kazi. Kwa miaka kadhaa wengi walibaki na cha zamani.

Makundi mawili yaliyotenganishwa

Njia ya kutoka katika mkwamo huo ilikuwa ndefu. Wataalamu wa kujitolea walioshughulikia chipu za Broadcom walijigawa katika makundi mawili. Kundi la kwanza lilikichambua kiendeshi kilichofungwa na kuandika, kwa maneno ya kawaida, kile ambacho chipu inakitaka. Kundi la pili, ambalo halikuruhusiwa kuutazama msimbo wa kampuni, lilisoma maelezo hayo na kuandika kiendeshi kipya tangu mwanzo.

Mgawanyo huo ulikuwa na sababu ya kisheria. Hakimiliki hulinda maandishi ya programu, wala hailindi ujuzi wa jinsi kifaa kinavyofanya kazi. Kwa kuyatenganisha makundi hayo, waandishi waliweza kuonyesha kwamba hakuna hata mstari mmoja ulionakiliwa. Kiendeshi chao cha kwanza, bcm43xx, kiliingizwa katika Linux 2.6.17, iliyotoka Juni 2006. Kilichokirithi, b43, kiliingia katika toleo la 2.6.24 mnamo Januari 2008.

Ushindi huo haukuwa kamili. Chipu yenyewe ina kichakato kidogo kinachohitaji programu dhibiti yake, na waandishi hawakuwa na ruhusa ya kuisambaza programu hiyo. Mtumiaji alilazimika kuitoa mwenyewe ndani ya kiendeshi cha kampuni kwa kutumia zana maalumu. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brescia nchini Italia walitoa programu dhibiti huria kwa baadhi ya chipu hizo, lakini haikuwa na uwezo wote wa ile ya kampuni.

Kwa upande wa chipu za Atheros, mzozo ulihusu asili ya msimbo wenyewe. Kulikuwa na kiendeshi huria kilichoandikwa kwanza kwa ajili ya mfumo wa OpenBSD, na ikadaiwa kwamba huenda baadhi ya sehemu zake zilinakiliwa kutoka kwa kampuni. Waandishi wa Linux walisita kuugusa. Mwaka 2007 kituo cha wanasheria wa programu huria cha Marekani, Software Freedom Law Center, kiliulinganisha msimbo huo na ule wa Atheros na kuhitimisha kwamba haukukiuka hakimiliki ya kampuni. Kiendeshi cha ath5k kiliingizwa katika Linux 2.6.25, iliyotoka Aprili 2008.

Msingi wa pamoja

Wakati huohuo kulikuwa na kasoro upande wa Linux yenyewe. Kila kiendeshi cha Wi-Fi kilibeba kazi zake zote peke yake, kuanzia kujitambulisha kwenye mtandao hadi kuchagua kasi, na kosa lililosahihishwa katika kiendeshi kimoja lilibaki katika vingine. Kampuni ya Devicescape ilipoutoa bure msimbo wake mwaka 2006, waandishi waliufanyia kazi na kuujenga kuwa msingi wa pamoja uitwao mac80211, ulioingia katika toleo la 2.6.22 mnamo Julai 2007. Tangu hapo kazi zinazofanana huandikwa mara moja tu, na kiendeshi hubaki na yale yanayoihusu chipu yake.

Msingi huo ulibadilisha hesabu za kampuni pia. Kampuni inayokiweka kiendeshi chake nje ya Linux hulazimika kukirekebisha kila toleo jipya linapotoka, takriban kila baada ya wiki 9 au 10. Kiendeshi kilichokubaliwa ndani hulindwa na kanuni nyingine: anayebadilisha kiungo cha ndani ndiye anayepaswa kuvirekebisha viendeshi vyote vinavyokitumia. Julai 2008 Atheros ilitoa kiendeshi huria cha ath9k kwa chipu zake mpya, nacho kikaingia katika Linux mwaka huohuo. Septemba 2010 Broadcom nayo ilitoa msimbo chanzo wa kiendeshi cha chipu zake mpya za wakati huo.

Safari ya rekebisho moja

Mtu yeyote duniani anaweza kupendekeza badiliko. Hulituma kwa barua pepe, akieleza tatizo na sababu ya badiliko lake, pamoja na mstari wa sahihi unaothibitisha kwamba ana haki ya kuutoa msimbo huo. Utaratibu wa sahihi ulianzishwa mwaka 2004, wakati kampuni ya SCO ilipokuwa ikidai mahakamani kwamba msimbo wake ulikuwa umeingizwa katika Linux bila idhini.

Barua hiyo husomwa hadharani na kujibiwa hadharani. Mara nyingi mwandishi huombwa arudie kazi yake, pengine zaidi ya mara moja. Badiliko la Wi-Fi likikubaliwa na wasimamizi wa sehemu hiyo, hupelekwa kwa wasimamizi wa mtandao kwa jumla, kisha kwa Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux. Mabadiliko makubwa hupokewa katika wiki 2 za kwanza za kila toleo. Wiki zinazosalia ni za kusahihisha makosa.

Masafa na sheria za nchi

Hoja ya kampuni kuhusu masafa haikuwa ya uongo. Baadhi ya masafa yanayotumiwa na Wi-Fi hutumiwa pia na rada za hali ya hewa, na kila nchi ina masharti yake. Jibu la waandishi wa Linux lilikuwa kutengeneza kanzidata ya masharti ya nchi mbalimbali, yenye sahihi ya kidijitali. Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zimo. Mtumiaji anapochagua nchi yake katika ruta, kiini hufuata masharti yaliyoandikwa kwa ajili ya nchi hiyo. Pasipojulikana nchi, hufuatwa masharti makali zaidi yanayofaa mahali pengi.

Mvutano uliibuka tena mwaka 2015, pale Tume ya Mawasiliano ya Marekani ilipowataka watengenezaji waeleze jinsi wanavyozuia programu za watu wengine kuingizwa katika ruta. Baada ya malalamiko mengi, tume hiyo ilifafanua kwamba lengo lake lilikuwa kuilinda redio, na haikukusudia kupiga marufuku programu huria. Agosti 2016 kampuni ya TP-Link ilikubali kulipa dola 200,000 kwa sababu baadhi ya ruta zake ziliweza kurusha mawimbi kupita kiwango kinachoruhusiwa. Katika makubaliano hayohayo iliahidi kushirikiana na waandishi wa programu huria ili ruta zake ziweze kupokea mifumo yao.

Uwazi si kinga kamili

Kuwa wazi kwa msimbo hakumaanishi kwamba hauna makosa. Oktoba 2022 ilitangazwa kwamba mtafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Darmstadt, Ujerumani, alikuwa amegundua udhaifu kadhaa katika sehemu ya Linux inayoshughulikia Wi-Fi. Mshambuliaji aliye karibu angeweza kurusha ujumbe wa redio uliotengenezwa kwa hila na kuiangusha kompyuta, hata kama mwenye kompyuta hakujiunga na mtandao wowote. Baadhi ya makosa hayo yalikuwamo tangu mwaka 2019, mbele ya macho ya wote.

Marekebisho yaliingizwa katika Linux mwezi huohuo. Lakini kurekebishwa kwa Linux si sawa na kurekebishwa kwa kifaa kilichomo nyumbani mwa mtu. Simu nyingi hutumia viendeshi vya kampuni vilivyowekwa nje ya Linux kuu na kufungamanishwa na toleo moja la kiini. Kampuni inapoacha kutoa masasisho, kifaa hubaki na udhaifu wake hadi siku kitakapotupwa.

Jambo hili linawagusa moja kwa moja wanunuzi wa simu na ruta zilizokwisha kutumika, ambazo ni nyingi katika masoko ya Afrika Mashariki. Kabla ya kununua ruta, inafaa kuangalia kama aina hiyo, pamoja na namba ya toleo lake, imo katika orodha ya vifaa vinavyokubaliwa na OpenWrt, kwa kuwa ruta mbili zenye jina moja huweza kuwa na chipu tofauti. Baada ya kuinunua, nchi ichaguliwe kwa usahihi katika mipangilio. Kwa simu, la muhimu ni kujua tarehe ya sasisho la mwisho la usalama, ambayo huonekana katika sehemu ya maelezo kuhusu simu.

Ruta ya WRT54GL, ambayo Linksys iliitoa mwaka 2005 mahsusi kwa watumiaji wa Linux, iliendelea kutumika kwa miaka mingi baada ya vifaa vya rika lake kusahauliwa. Kilichoifikisha mwisho ni udogo wa kumbukumbu zake: MB 4 za kuhifadhia mfumo na MB 16 za kufanyia kazi, ambazo hazikutosha tena kuvibeba viini vipya.