Mpagazi, Sanamu na Beni: Namna Tatu za Kuwaenzi Watu wa Vita Kuu

Katika Nyanda za Juu za Kusini, Vita Kuu ya Kwanza ilikwenda kwa miguu ya watu. Majeshi ya Jenerali Northey yaliteka Neu Langenburg, yaani Tukuyu ya leo, mwezi Mei 1916, yakaingia Iringa mwishoni mwa Agosti. Wanyama wa mizigo waliuawa na mbung'o, hivyo mpagazi ndiye aliyebeba risasi, unga na majeruhi. Aliyepigwa risasi hakufikiwa kwanza na daktari. Aliinuliwa na wabeba machela. Wapagazi waliofia upande wa Waingereza hukadiriwa kuwa zaidi ya 90,000, wengi wao kwa maradhi.

Serikali iliwaenzi kwa shaba. Mwaka 1927, mjini Dar es Salaam, mahali ilipokuwa sanamu ya Wissmann, ilizinduliwa Sanamu ya Askari, kazi ya James Alexander Stevenson. Aliyesimamishwa juu ni askari mwenye bunduki. Mpagazi alipewa nafasi katika nakshi za msingi na katika maandishi, ambamo anasifiwa kuwa miguu na mikono ya jeshi. Sitiari hiyo ni tamu masikioni, ila mguu hauna jina. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Waliorudi hai hawakuingoja shaba. Walikuwa na beni, ngoma iliyozaliwa pwani ya Kenya kabla ya vita, na ambayo jina lake ni neno la Kiingereza la bendi lililotoholewa. Askari na wapagazi wa pande zote mbili waliieneza hadi miji ya bara. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975, aliifuatilia kwa makini vyama vyake, Marini na Arinoti. Mtu aliyeburutwa na amri alizicheza amri zilezile: gwaride, sare, vyeo. Mbeba mzigo wa jana aliitwa jenerali. Mwenzao alipougua au kufa, chama kilichanga. Kuyaita hayo tiba ni tafsiri ya wataalamu, lakini ni tafsiri yenye mashiko, kwani palikuwa na mwili unaocheza, wenzi waliopitia yaleyale, na fedha ya sanda.

Lugha nayo ilihifadhi kitu. Soweto ya Mbeya ina jina lililotoka Johannesburg, ambako mwaka 1963 maneno matatu ya Kiingereza yalifupishwa kuwa moja. Kariakoo ya Dar es Salaam ni jina la aina hiyohiyo, ila kilichomezwa humo ni Carrier Corps, Kikosi cha Wapagazi, kilichopiga kambi hapo. Wauza vitunguu hulitamka kutwa.